Vioo Saba vya Mwaka Ule

Ijumaa hiyo Jicho aliamka na furaha mbili, na kabla jua halijafika utosini zote mbili zilikuwa zimeingia nyongo.

Furaha ya kwanza ilikuwa makala yake. Kwa miaka minne alikuwa akipima nuru ya kwasari moja tu. Ukiitazama kwa darubini utaona kinukta, utadhani ni nyota iliyochoka. Kumbe si nyota. Ni kitovu cha kundi zima la nyota lililo mbali kupita akili, na ndani ya kitovu hicho kuna shimo jeusi linalomeza gesi. Gesi ile huwaka kwa joto kali kabla haijamezwa. Shimo likipata chakula kingi, nuru hupanda. Likikosa, nuru hushuka. Na mambo hayo hayaendi kwa siku mbili tatu. Huchukua miaka, pengine umri mzima wa mtu, ndiyo maana hakuna mtu mmoja anayeweza kuikalia kwasari mpaka akaimaliza. Lazima aazime macho ya waliomtangulia.

Waliomtangulia Jicho walimwachia vioo. Kabla ya kamera za kisasa, kituo cha kutazama anga alikofanya kazi kilipiga picha za mbingu kwenye vioo vyembamba vilivyopakwa dawa. Nyota ziliacha nukta nyeusi. Nyota kali nukta nene, nyota hafifu nukta ndogo. Vilikuwepo vioo elfu kumi na mbili kwenye makabati ya chuma, kila kimoja ndani ya bahasha yake, na zaidi ya elfu tatu vilipigwa na mtu mmoja: baba yake mzazi, mpiga picha wa usiku ambaye sasa alikuwa amestaafu. Binti naye alirithi. Aliweza kukadiria unene wa nukta kwa lenzi ya mkononi kabla kompyuta haijatoa jibu, na ndipo wenzake walipombandika jina la Jicho.

Alichokigundua kilikuwa hiki. Mwaka aliozaliwa yeye, ile kwasari iling'aa bila kutetereka kwa miezi sita, kioo baada ya kioo, vioo saba. Kisha ikajificha nyuma ya jua miezi minne, na ilipojitokeza tena ilikuwa imebakiwa na theluthi ya nuru yake. Imezimika kama taa iliyokatiwa umeme! Wataalamu walikuwa wakisema anguko la namna hiyo huhitaji karibu mwaka mzima. Jicho akasema hapana, miezi minne inatosha, na vioo ni hivi hapa. Jarida kubwa liliikubali makala. Kilichobaki ni neno lake la mwisho kwa mhariri, na mwisho wa kulituma ulikuwa leo saa kumi alasiri.

Furaha ya pili ilikuwa kesho. Kesho wazee wa Taratibu walikuwa wanakuja nyumbani kwao kumposa.

Taratibu alikuwa fundi wa kupitisha vioo kwenye skana, chumba hichohicho, meza ya pili. Aliitwa hivyo kwa sababu alibeba kila kioo kama mtoto aliyelala, na kwa miaka mitano hakuwahi kuvunja hata kimoja. Mapenzi nayo aliyabeba vivyo hivyo. Ilimchukua mwaka mzima kumwambia Jicho kwamba anampenda, na siku aliyomwambia aliomba radhi kwanza. Baba alimkataa mara mbili. "Mwanamume anayekaa kutafuta kasoro kwenye vioo," alisema, "atashindwa kuzitafuta kwa mke?" Halafu wiki tatu zilizopita, bila kushawishiwa na mtu, mzee aliweka kikombe chini akasema, "Mwambie alete wazee wake." Jicho alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Kwa hiyo aliingia chumba cha vioo saa tatu asubuhi akiimba chini kwa chini. Taratibu alikuwa amesimama kando ya meza ya taa, ile inayowaka kutoka chini, mikono mfukoni. Macho yake, ambayo siku zote yalimpokea mlangoni kama mwenyeji, leo yalitazama sakafu.

"Mbona uso umekushuka hivyo?" alitania Jicho. "Wazee wamekataa kupanda gari?"

Taratibu hakucheka. "Funga mlango."

"Mchana kweupe? Watu watasema nini?"

"Jicho. Tafadhali, funga mlango."

Akaufunga.

"Makala umeshaituma?"

"Bado. Nilisema ninywe chai kwanza, niitume nimetulia. Kwa nini?"

"Usiitume."

Juu ya meza ya taa vilikuwa vimepangwa vioo saba. Jicho alivijua kama anavyojua vidole vyake. Taratibu alimpa lenzi, na vidole vyao vilipogusana aliuondoa mkono haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Usiangalie kwasari. Shuka chini, kona ya kushoto. Unaona kimstari kifupi?"

"Nakiona. Ni sayari ndogo, yale mawe yanayozunguka jua. Yanapita humu kila siku, mimi huwa siyashughulikii."

"Kioo cha pili."

"Limesogea. Kama upana wa kidole."

"Cha tatu?"

"Kidole kingine." Sauti ya Jicho ilianza kupungua. Akapita cha nne, cha tano, cha sita. Kwenye cha saba alikaa muda mrefu, lenzi imeganda jichoni.

"Kioo cha kwanza na cha saba vimepishana muda gani?" aliuliza Taratibu.

"Miezi sita. Imeandikwa kwenye bahasha."

"Jiwe hilo kwa miezi sita lingekuwa limetoka humu, limefika upande mwingine wa mbingu. Hapa limetembea siku saba. Nimepiga hesabu mara nne, nikitafuta mahali nilipokosea." Akazinyooshea kidole bahasha. "Vioo vyote vimepigwa wiki moja, Jicho. Mwanzoni mwa msimu. Baada ya hapo hakuna aliyeitazama hiyo kwasari kwa miezi kumi. Haikuzimika ghafla. Ilishuka pole pole kama wanavyosema wengine, ila hapakuwa na mtu wa kuiona."

Jicho alivuta kiti akakaa. Mwandiko kwenye bahasha hakuhitaji kuusoma. Ulikuwa mwandiko uliomwandikia barua za kuomba ruhusa shuleni.

"Umeligundua lini? Jana?"

Taratibu alinyoosha bahasha ambayo haikuwa imekunjika.

"Nimekuuliza, lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

Mwanzoni maneno yale yalimpita tu. Kisha yakarudi, yakakaa, na Jicho akainua uso taratibu.

"Wiki tatu zilizopita Baba alikukubali."

Taratibu alikubali kwa kichwa.

"Ulimwendea Baba."

"Nilidhani ndiyo heshima. Nilisema labda tarehe zimechanganywa na karani, labda ana maelezo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, 'Kijana, unamtaka binti yangu au unavitaka vioo? Chagua kimoja. Ukinyamaza, leta wazee wako.'"

"Na wewe ukachagua."

"Nilikuchagua wewe."

"Hukunichagua mimi!" Jicho alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mliniweka mezani wanaume wawili, mkapatana, mkapeana mikono! Mimi nikapiga vigelegele! Shangazi akashona nguo! Wiki tatu nakaa hapa, hatua tano kutoka kwako, nasahihisha sentensi moja moja, nakusomea kwa sauti. Ukawa unasema nini? 'Nzuri hiyo, Jicho.' Ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa!"

"Sikulala hata siku moja."

"Nikuonee huruma?"

"Hapana. Ningeweza kunyamaza mpaka kesho. Posa ingepita, makala ingetoka, na labda hakuna ambaye angejua. Nimeshindwa. Siwezi kukuoa kwa uongo ulioandikwa jina lako juu."

"Kwa hiyo nikushukuru kwamba ulishindwa kwenye siku ya mwisho, badala ya kushindwa siku ya kwanza?"

Alinyakua kioo cha saba kutoka mezani. Taratibu aliganda, mkono umenyooka hewani, uso umempauka. Kwa muda kidogo walitazamana hivyo, kioo kikiwaka mwanga wa meza kati yao, na katika macho ya mwanamume yule Jicho aliona mapenzi yaleyale ya jana, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Laiti yangekuwa yamekufa, ingekuwa rahisi.

Akakirudisha mahali pake, polepole.

"Usiogope. Mimi si mvunjaji wa vitu vya watu," alisema, akachukua mkoba na kompyuta yake, akatoka.

*

Alitembea mitaani bila kujua aendako, na alipofika nyumbani alasiri aliikuta nyumba imepinduliwa. Mapazia yalikuwa juani, viti kumi na viwili vya kuazima vimerundikwa sebuleni, na Shangazi, dada yake Baba, alikuwa juu ya ngazi akifuta vumbi la feni kana kwamba wakwe watakaa darini. Baba alikuwa chumba cha kulia, anapiga pasi shati lake la kesho. Toka Mama afariki, miaka minne sasa, mzee huyu hakumruhusu mtu mwingine kumpigia pasi.

"Umerudi mapema!" alishangilia Shangazi. "Afadhali. Njoo upime lile gauni, kiuno nimekibana, lakini kwa jinsi unavyokula siku hizi sina dhamana."

Jicho alimpita. Alisimama upande wa pili wa meza ya pasi.

"Baba. Vile vioo saba vya mwaka niliozaliwa. Ulivipiga siku gani?"

Pasi ilisimama. Ilisimama muda mrefu mno kwa pasi yenye moto, mpaka harufu ya kitambaa kuungua ikaanza kupanda.

"Yule kijana," alisema mzee hatimaye, akiiinua. Alama ya kahawia ilikuwa imebaki kifuani mwa shati. "Ameshindwa kuufunga mdomo wake wiki tatu."

"Aliufunga wiki tatu. Hilo ndilo kosa lake. La kwako ni lipi?"

"Usiniulize kama polisi, mimi ni baba yako."

"Ndiyo maana nauliza kwako kabla sijaandika kwa mhariri. Saa kumi natakiwa kuuambia ulimwengu kwamba vioo vyako ni vya kweli. Ni vya kweli?"

"Picha ni za kweli. Nyota ni zilezile."

"Baba!"

Shangazi alikuwa ameshuka kwenye ngazi. Alisimama mlangoni na kitambaa cha vumbi mkononi. "Mwambie, kaka."

"Wewe nyamaza."

"Nimenyamaza miaka thelathini na moja. Mdomo umeota kutu. Mwambie mtoto, au nitamwambia mimi, na mimi unanijua, nikianza nachanganya na ya jirani."

Mzee alichomoa waya wa pasi ukutani. Akauzungusha kwenye mkono wa pasi, mzunguko baada ya mzunguko, kama mtu anayetaka kazi hiyo isimalizike. Kisha akakaa.

"Mama yako alipokuzaa," alisema, "hakuwa yeye."

Jicho aliweka mkoba chini. Alikuwa amejiandaa kusikia habari za uvivu, ulevi, hata mwanamke mwingine. Hakujiandaa kusikia neno *mama*.

"Siku za mwanzo tulidhani ni uchovu. Kisha akaacha kulala. Anatembea chumbani usiku kucha. Akaanza kusema mtoto aliyeletwa si wake, kwamba wa kwake amebaki hospitali na wewe ni wa mtu. Jioni moja nilikwenda kazini, nikakumbuka koti, nikarudi. Nikamkuta juu ya ngazi za nje, mlango wazi, mvua inawapiga, amekushika, anatazama chini. Hakujua yuko wapi. Mlikuwa mmelowa wote wawili, na wewe ulikuwa umeshaacha kulia."

Nje pazia lilipiga ukuta kwa upepo.

"Nikaomba ruhusa. Mkubwa wa kituo akasema msimu umeanza, mpiga picha ni mmoja, nikiondoka nisirudi. Mchana tungeweza kusaidiana. Lakini usiku? Kazi yangu ilikuwa usiku, na ugonjwa wake ulikuwa wa usiku. Shangazi yako akaja kulala hapa wiki moja, zaidi ya hapo hakuweza, alikuwa na wanawe wadogo. Wiki hiyo nilifanya kazi ya miezi sita. Kila kipande cha anga nilichopangiwa nilikipiga mara saba, mara moja kila usiku. Nikavificha vile vioo kwenye kisanduku cha giza bila kuvisafisha kwa dawa ili picha zitokee. Baada ya hapo nikawa nakwenda mchana, kila wiki tatu nne, nasafisha kimoja cha kila kipande, naandika tarehe. Usiku nilikuwa hapa. Na sikuandika ovyo. Nilichungulia dirishani, wewe uko begani, nikahakikisha mbingu ni safi kabla sijasema uongo."

"Akapona," alisema Jicho. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulipofikisha miezi sita. Aliamka asubuhi, akanyoosha mikono, akasema, 'Nipe mwanangu.' *Mwanangu*..." Mzee alijaribu kuendelea, akageukia ukutani. Shangazi ndiye aliyemalizia.

"Alipojua yaliyotokea, alimwapisha baba yako, nami akaniapisha. 'Asijue kamwe kwamba kuna siku sikumjua.' Basi tukala yamini. Siri haikuwa ya baba yako, mwanangu. Ilikuwa ya mama yako."

Jicho alilia. Alimlilia mama yake, mwanamke aliyekuwa akimkumbatia mlangoni mwa shule muda mrefu kuliko mama wote, mpaka yeye akaona haya. Aliachwa alie. Lakini alipofuta uso, alikuwa bado amekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa imesafishika, inajua pa kwenda.

"Kwa yale ya mwaka ule sina neno, Baba. Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo. Nauliza ya miaka hii minne. Kila jioni nilikaa kwenye kiti hicho nikakusimulia vioo vile. Ukaitikia kwa kichwa. 'Vizuri, mwanangu.' Uliniacha nijenge nyumba juu ya shimo ulilolichimba mwenyewe."

"Ulikuwa na furaha. Mama yako amekufa, nyumba imepoa, na wewe unarudi macho yanang'aa. Nikasema, funika kombe mwanaharamu apite. Hiyo kwasari yenyewe iko mbali vile, itamuumiza nani?"

"Imeniumiza mimi. Na alipokuja mtu anayejua, ukampa mimi ili anyamaze."

Mzee alipapasa alama ya kahawia kwenye shati.

Hodi ilipigwa. Shangazi alikwenda, akarudi akinong'ona kana kwamba mgeni haonekani nyuma yake. "Ni yeye."

Taratibu alisimama mlangoni, jasho limemlowesha shati. Hakumtazama Jicho, alijikaza kutomtazama, mpaka shingo ikakakamaa.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitika.

"Sitakaa. Nimekuja kurudisha ile ruhusa uliyonipa. Haikuwa yangu. Ulinunua kimya changu, nami nikakubali, na wote wawili tulimuuza asiyekuwepo. Wazee wangu nimeshawapigia simu, hawaji kesho. Nimewaambia kosa ni langu." Akavuta pumzi. "Ukinikataa sasa, utanikataa kwa haki."

Jicho alimtazama. Mwanamume huyu aliyechukua mwaka mzima kusema neno moja, leo amesema yote bila kusita. Moyo wake ulimwendea, akauvuta ukarudi.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu. Akasukuma shati lililoungua, akaiweka kompyuta juu ya meza ya pasi, akaanza kuandika. Vidole vilikuwa vizito. Miaka minne ilifutika kwa mistari sita: kwamba tarehe za vioo saba si sahihi, kwamba anguko la ghafla halikuthibitika, kwamba anaiondoa makala. Alipofika kwenye sababu, akasimama.

"Andika jina langu," alisema mzee nyuma yake.

"Si lazima, Baba. Naweza kusema kumbukumbu zina shaka."

"Hakuna shaka. Andika kwamba mpiga picha mwenyewe amekiri. Wakiuliza kwa nini, sema alikuwa na mgonjwa nyumbani. Mgonjwa nani, hilo halimo kwenye sayansi yenu."

Akaandika. Dakika nane kabla ya saa kumi, akatuma. Kisha akafunga kompyuta na kumwambia Taratibu, bila kumtazama, "Twende nje."

Walisimama langoni. Mtaa ulikuwa na shughuli zake. Mtu anaosha gari, redio inapiga kelele dirishani. Wao walisimama kama waliozibwa masikio.

"Unanichukia?" aliuliza Taratibu.

"Ningekuwa nakuchukia ningekuwa nimetulia saa hizi." Jicho alikunja mikono kifuani. "Nisikilize. Ulikaa na siri yangu wiki tatu. Sasa utakaa na swali lako wiki tatu. Usilirudie, usinitumie watu, usiniletee maua. Nataka nione kama naweza kukaa chumba kimoja nawe bila kujiuliza ni kitu gani kingine hukuniambia."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitakuambia siku hiyohiyo. Mimi si wa kusubiri saa ya mwisho."

Neno lilimchoma, ilionekana wazi. Aliinamisha kichwa, akaondoka kwa miguu. Jicho alimfuata kwa macho mpaka akakata kona, na kwa muda wote huo mkono wake ulikuwa umeshika chuma cha lango, usije ukampungia.

Ndani Shangazi alikuwa amekaa katikati ya viti kumi na viwili. "Na hivi?"

"Virudishwe, Shangazi."

"Vyote?"

"Vyote."

*

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi. Mkubwa wa kituo alimwita Jicho ofisini na kumweka saa nzima. Wenzake walinong'ona kwenye korido, wengine wakamwonea huruma ya wazi, ambayo ni mbaya kuliko minong'ono. Mhariri alijibu kwa sentensi mbili baridi. Jicho alizisoma, akarudi mezani kwake, akaanza upya na vioo vya miaka mingine. Kwasari ilikuwa ileile, inapanda na kushuka kwa mwendo wake, haijali nani ameaibika.

Na hatua tano kutoka kwake alikaa Taratibu. Hakulirudia swali. Alichofanya ni kingine: kila jioni aliacha karatasi kwenye ukingo wa meza ya Jicho. *Kioo namba fulani kina ufa, mimi ndiye niliyeuona, sijui umetoka wapi. Leo skana ilisimama dakika kumi, nilikuwa nimesahau kuiwasha.* Mambo madogo, mengine ya kuchekesha. Hakuficha hata yaliyomwaibisha.

Siku ya kumi na mbili mlango ulifunguliwa akaingia Baba, amevaa suti, amekumbatia kisanduku cha madaftari ya zamani. Hakwenda kwa binti yake. Alikwenda meza ya pili, akasimama mbele ya Taratibu, na safari hii mzee ndiye aliyetangulia kusema.

"Habari za kazi, kijana. Vioo vya wiki ile si saba tu. Anga zima la msimu nililipiga hivyo. Kabla sijafa nataka kila kimoja kirudishiwe siku yake. Utanisaidia?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Walifanya kazi alasiri tatu, vichwa vimeinamia meza ya taa, mzee anasoma daftari, kijana anapima mawe yale madogo. Jicho hakuingilia. Alisikia tu sauti zao, moja nzito, moja tulivu. Na mara moja, bila kutarajia, alimsikia baba yake akicheka.

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, aliinuka. Hatua tano zile alizivuka kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Taratibu aliweka kioo chini kabla hajageuka.

"Nijibu kitu kimoja," alisema Jicho. "Ile asubuhi. Kama ningekuwa nimeshaituma makala kabla sijanywa chai, ungeniambia?"

Taratibu alifikiri. Mtu mwingine angejibu upesi, angesema ndiyo, na Jicho angejua ni uongo.

"Ningekuambia," alisema. "Lakini si asubuhi ile. Ningeogopa. Labda ningechukua siku mbili, labda wiki. Natamani ningekuwa mtu wa kusema papo hapo. Bado najifunza."

Jicho alitazama uso ule, macho yale mekundu yasiyokimbia tena, na kitu kilichokuwa kimekaza kifuani mwake siku kumi na tisa kikalegea.

"Waambie wazee wako waje Jumamosi."

"Bado siku mbili. Ulisema..."

"Najua nilichosema. Baba atakuuliza maswali yake, na safari hii nitakuwa nimekaa hapohapo. Hakuna atakayezungumza nawe pembeni. Ukinificha tena jambo, hata kwa kunipenda, nitaondoka bila kufunga mlango."

"Sitakuficha."

"Tutaona," alisema Jicho, akanyoosha mkono. Taratibu aliushika kwa mikono yake yote miwili, kama ashikavyo kioo.